Kamba ya Ng'ombe wa Igizo

Msilete ng'ombe jukwaani.

Nimeanza na hilo kwa sababu ninawafahamu vijana wa maigizo. Mkisoma kidogo mnachoka, mnarudi kwenye simu. Basi hata mkiishia hapa, mmeondoka na kitu. Msilete ng'ombe, msilete sato wa kukaanga, msilete pombe yenye pombe ndani, na msimpe mtu kucheza nafasi ambayo nyumbani kwake anayo tayari. Mambo hayo yamenitoa jasho kuliko jua lote la Mara.

Nimefundisha maigizo Musoma tangu nikiwa binti mwenye sauti nyembamba mpaka sasa, ambapo magoti yananitabiria mvua kabla ya redio. Aliyenifundisha ni Mzee Mugini, mtu mrefu, mkavu, aliyekuwa akisimama nyuma kabisa ya ukumbi wetu wa Kitaji akiwa amefumba macho. Unamaliza maneno uliyoyahangaikia wiki nzima, yeye anafumbua jicho moja. "Umesema nini? Mimi nimesikia bati tu." Ndiye aliyetufundisha kwamba ukicheza ufukweni alasiri, ziwa likae mgongoni kwako, ili upepo uibebe sauti uipeleke kwa watu badala ya kuizamisha. Ukicheza Butiama, kwenye yale mawe makubwa yanayorudisha sauti, sema polepole, uyaache mawe yamalize kwanza. Ukicheza Bunda karibu na barabara kuu, lori likipita ganda ulivyo, mkono ukiwa juu ubaki juu, mpaka kelele ziishe. Watu watadhani ni ufundi, watapiga makofi.

Kisiwani Rukuba tulikwenda kwa boti, tukachezea kwenye uwanja wa kuanikia dagaa. Jioni ilipokaribia, wadudu wa ziwani walikuja kama moshi. Mwigizaji wangu alikuwa amefungua kinywa aanze kilio cha mjane, wakaingia. Alitafuna, akameza, akaendelea kulia. Huyo ni mwigizaji. Ninyi bando likikata mnaahirisha mazoezi.

Lakini fundisho kubwa la Mzee Mugini lilikuwa moja, na alilirudia hadi tukalichukia: "Jukwaani kila kitu kiwe cha uongo, isipokuwa sauti." Kisu kiwe cha mbao. Uji uwe majivu na maji. Mimi nilijifanya mjuaji, nikaleta sato wa kweli kwenye onyesho la harusi, mzima, amekaangwa, ana kitunguu juu. Zamu ya bwana harusi kuingia ilipofika, tukamkuta nyuma ya pazia anakomba miiba. Bibi harusi alimkaribisha mezani kwenye sahani tupu. "Karibu mume wangu, ule," anasema, na huyo mume anatoa mbweu. Watu wa Nyasho walicheka mpaka mtoto mmoja akaanguka kutoka kwenye mti.

Mngedhani nilijifunza.

Sasa niwaambie juu ya igizo la dada wawili. Ni komedi ya zamani, Mzee Mugini aliikuta, mimi nikaikuta kwake, kila kikundi kimeigeuza kitakavyo na hakuna aliyebaki na ya kwanza. Kuna baba mwenye mabinti wawili. Mkubwa ana ulimi mkali, kila anayekuja kumposa anaondoka anajikwaa. Mdogo ni mpole, ana sauti ya njiwa, na wanaume wamejipanga mlangoni. Baba anaapa: mdogo haolewi mpaka mkubwa atoke. Mwisho anakuja kijana wa Buhemba, vumbi la machimbo bado liko kwenye nyusi, haogopi matusi. Baba anapokea kamba ya ng'ombe, yule binti mkali anapiga magoti, anampa mume kata ya maji bila kusema neno. Vigelegele. Basi.

Huku kwetu watu wanaipenda komedi hiyo kwa sababu hawaoni kama ni hadithi. Katika familia nyingi hapa, mdogo akitaka kuolewa wakati dada yake yuko bado nyumbani, wazee wanaanza kukohoa. Hawakatai, wanakohoa tu, mwaka mzima.

Binti mkali wa igizo nilimpa Wegesa. Binti mpole nilimpa mdogo wake, Nyangeta. Ndiyo, ndugu wa kweli, tumbo moja, nyumba moja, hapo hapo Kitaji ambako mama yao aliuza dagaa. Baba yao alikuwa ameshafariki. Msiniulize kwa nini nilifanya hivyo. Nilikuwa na waigizaji wa kike watatu, na wa tatu alikuwa mjamzito.

Wegesa! Nikitaja jina hilo hata sasa nasikia kichwa kinaanza kuuma upande wa kushoto. Sikuwahi kupata mwigizaji bora kuliko yeye, na sikuwahi kupata mtu wa kunichosha kama yeye. Nilimpa maneno yaliyoandikwa, akayatazama kama mtu anayetazama mboga za jana. Kila onyesho alitunga mapya. Akija mposaji aliyejipaka mafuta: "Wewe nawe, umejipaka mpaka nzi wanateleza!" Akija mwingine mwenye haya: "Umekuja kuposa au umekuja kuazima kiberiti?" Kuna siku mposaji alisahau maneno yake akasimama tu, jasho linamtoka. Wegesa akamzunguka taratibu, akawaambia watu, "Mnaona kivuli chake? Kinamtangulia. Kinaona aibu kufuatana naye." Watu walilala chini. Mwigizaji yule aliacha maigizo, anauza vipuri vya pikipiki, anaendelea vizuri.

Na jambo moja hakulikubali kamwe: magoti. "Mwalimu, huyu dada amesema mchezo mzima. Mwishoni anakuwa bubu? Amemeza nini?"

"Amependa."

"Akipenda ndiyo ulimi unaanguka?"

"Wegesa, piga magoti."

Alipiga, lakini kwa namna ambayo magoti yenyewe yalikuwa yanatukana.

Nyangeta hakunisumbua hata siku moja. Alifika mapema, alifagia ukumbi, alishika maneno yake na ya wengine. "Shikamoo mwalimu, pole na jua." Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya Nyangeta. Nawaomba mkumbuke kwamba nilimshukuru Mungu.

Kijana wa Buhemba alikuwa Masinde, kijana wa Buhemba kweli, mabega kama mlango, mcheshi. Baba yake, Mzee Wambura, alikuwa na ng'ombe. Na sisi ng'ombe wetu wa igizo alikuwa kamba tu: Masinde aliingia akiivuta, upande wa pili imefungwa nyuma ya pazia, na mimi mwenyewe, mwanamke mzima, nimechuchumaa huko nikitoa mlio wa ng'ombe. Miaka yote hiyo nimelia kama ng'ombe, hakuna aliyenipigia makofi.

Ndipo tukaalikwa kucheza Butiama, Jumapili alasiri baada ya ibada. Masinde akaja na wazo. "Mwalimu, kwetu si mbali. Mzee anaweza kutuazima ng'ombe. Ataingia wa kweli, watu watapasuka." Nikasikia sauti ya Mzee Mugini, marehemu tayari, ikisema kila kitu kiwe cha uongo. Nikasikia pia magoti yangu yakisema tumechoka kuchuchumaa. Nikayasikiliza magoti.

Asubuhi ya Jumapili hiyo, fundi cherehani aliyekuwa akicheza baba aliamka na jino. Shavu lilikuwa limevimba mpaka jicho limefungwa. Hakuweza kusema hata "karibu". Nilizunguka pale uwanjani nikishika kichwa, gari la kutuleta limeshalipiwa, watu wameanza kukaa kwenye mawe, na wazee wa pande zote wapo mbele na fimbo zao. Nyangeta akanijia taratibu.

"Mwalimu, si baba mkubwa yupo hapa? Anaijua sehemu yote."

Baba mkubwa wao, Mzee Magesa, kaka wa marehemu baba yao, alikuwa mtu wa kijiji cha jirani. Alipokuwa Kitaji akitibiwa miguu, alikuja mazoezini kila siku kuwalinda binti zake, akakaa kiti cha mbele, na kweli maneno ya baba aliyashika kuliko fundi. Nikasema, haya, avae kofia ya baba wa igizo.

Sasa fikirini vizuri, ninyi wenye akili. Baba yao amefariki. Siku mabinti hawa watakapoposwa, nani anapokea ng'ombe? Mzee Magesa. Na nimemweka Mzee Magesa jukwaani, mbele ya wazee, apokee ng'ombe wa kweli, aliyetolewa na baba wa kijana wa kweli. Kitu cha uongo kilikuwa kofia peke yake.

Igizo lilikwenda kama maji. Wegesa siku hiyo alikuwa moto. Masinde akaingia na ng'ombe, jike jekundu, tumbo kubwa, akatembea jukwaani kama amezaliwa hapo. Watu wakasimama. Mzee Magesa alitakiwa aseme, "Nimepokea," atoke. Badala yake akaishika kamba, akageuka, akaangalia wazee waliokaa mbele.

"Mzee Wambura!"

"Naam."

"Hii ng'ombe ni yako?"

"Ni yangu."

"Umeitoa mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha?"

"Nimeitoa mwenyewe," akasema Mzee Wambura, anacheka, meno yote nje.

"Basi mmeona ninyi wote. Nimepokea."

Vigelegele vilipanda. Nyuma ya pazia niliruka kwa furaha. Nilisema, huyu mzee ni kipaji, amewaingiza watazamaji ndani ya igizo! Wegesa akapiga magoti, akampa Masinde kata ya maji. Simu zote zilikuwa juu zinarekodi. Mzee Magesa akatoka na ng'ombe upande wa kushoto, kama nilivyoelekeza.

Tukainama kwa watu, tukapeana mikono, tukafungasha vitenge vya pazia. Nikamwuliza Masinde, "Ng'ombe yuko wapi, arudi kwa mzee?"

"Si ametoka na baba mkubwa?"

"Baba mkubwa yuko wapi?"

Mtoto mmoja akanyoosha kidole. Kule mbali, kwenye njia ya vumbi inayokwenda kijijini kwake, Mzee Magesa alikuwa anatembea polepole kwa sababu ya miguu yake, bado amevaa kofia yangu, na ng'ombe nyuma yake.

Kesho yake nilikwenda kwake na Wegesa na Nyangeta. Tulimkuta amekaa mlangoni. Ng'ombe yuko zizini, anatafuna, ameshazoea. Mzee Wambura naye alikuwapo, wamekaa pamoja kama watu waliomaliza jambo.

"Shikamooni wazee," nikasema. "Baba, nimefuata ng'ombe."

"Marahaba, mama mwalimu. Ng'ombe gani?"

"Yule wa igizo."

"Ya igizo ipi? Hii?" Akanyoosha fimbo. "Hii inakula majani, mama. Mchezo haulagi majani."

"Baba, ulikuwa unaigiza."

"Mimi niliuliza, hii ng'ombe ni yako? Akajibu. Nikauliza, umeitoa mwenyewe? Akajibu. Binti akapiga magoti akatoa maji. Wazee wote walikuwepo. Hata video ipo." Akatoa simu mfukoni, akanionyesha. Kweli ipo. Na mimi nilionekana pembeni, nachungulia pazia, nashangilia.

Mzee Wambura akasafisha koo. "Mimi nilidhani ni mchezo kweli. Lakini nilipofika nyumbani nikafikiri, kijana wangu amekaa sana bila mke, na yule binti ana nguvu. Nikaona, aa, si vibaya. Tuongee ng'ombe zilizobaki."

Kwa kweli nilitafuta mahali pa kukaa. Wakaniambia wanawake wanakaa kule jikoni. Nikakaa hapo hapo chini, kwenye kivuli cha ng'ombe.

Wegesa alikuwa amesimama. Nilimwona anavuta pumzi, nikafumba macho kama Mzee Mugini. "Baba mkubwa," akaanza, na adabu ilikuwa bado ipo ingawa inatetemeka, "umeniozesha kwa kofia ya kuazima? Ungeniuliza hata kwa kukohoa! Na wewe Mzee Wambura, nakuheshimu, lakini binti ana nguvu, binti ana nguvu, unatafuta mke wa kijana au unatafuta trekta?"

"Unaona?" Mzee Magesa akamwambia mwenzake. "Ndiyo maana nilipokea haraka."

Tulirudi barabarani bila ng'ombe. Nyangeta alikuwa nyuma yangu. Wegesa alikuwa anatembea mbele, anasema peke yake, anawatukana wazee, ng'ombe, Butiama nzima na mimi. Halafu akasimama ghafla. Akageuka.

"Nani alimwambia baba mkubwa avae kofia?"

Mimi nikaangalia mawe. Nyangeta akaangalia mikono yake.

"Ni mimi," akasema kwa ile sauti ya njiwa. "Na maswali aliyouliza, nilimfundisha mimi, wakati anavaa."

Yule mfagia ukumbi! Yule wa pole na jua!

"Mimi ni dada yako," Wegesa akasema.

"Najua. Ndiyo maana. Majura ananingoja huko Bunda, ni mwalimu, ana heshima zake. Mama yake anamwulizaga kila Jumapili, yule binti vipi? Wazee wetu wanakohoa. Wewe kila anayekuja unamfukuza, watu wanacheka, wanakupigia makofi. Halafu mimi naenda kulala na kuhesabu nywele zangu. Dada, mimi nazeeka kwa vichekesho vyako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nani anaweza kukuambia kitu wewe?"

Nimesikia Wegesa akijibu polisi, mapadri, makondakta na mwenyekiti wa mtaa. Siku hiyo alitembea mpaka stendi bila neno, na nikagundua kwamba ukimya wake unanitisha kuliko kelele zake.

Ikapita muda. Wazee walisukuma mambo, Masinde akawa anakuja mazoezini anaangalia chini, anasema, "Mwalimu, mimi sikujua," na ninamwamini, kwa sababu Masinde uongo haukuwahi kumkaa usoni hata jukwaani, ndiyo shida yake kubwa ya kazi. Kisha ng'ombe akazaa.

Nasema tena kwa wale waliokuwa wanasinzia: yule ng'ombe, ndani ya zizi la Mzee Magesa, alizaa ndama jike, mwekundu, na doa jeupe kwenye paji la uso. Urafiki wa wazee ukaishia hapo. Mzee Wambura akasema mimba ilitoka kwake. Mzee Magesa akasema ndama alianguka kwenye majani yake. Wakaacha kabisa kuzungumza habari za ndoa, wakawa wanazungumza habari za ndama, na wote wawili walinipigia simu mimi. Alfajiri! Mimi, ambaye kwetu tuna kuku tu.

Ndipo Wegesa akaja kwangu. Alikuwa ametulia. "Mwalimu, tunacheza tena. Butiama, pale pale. Watu walewale. Baba mkubwa acheze baba, ng'ombe aje na ndama wake."

"Sitaki kuona ng'ombe mpaka nife."

"Kilichofungwa mbele ya watu hakifunguliwi jikoni kwangu. Watasema nimekimbia. Nataka waone."

"Na mdogo wako?"

"Ndiyo maana nataka waone."

Nikakubali kwa kunung'unika, na kununa kwangu mnakujua.

Jumapili hiyo watu walijaa mpaka juu ya mawe. Habari za ndama zilikuwa zimefika kila mahali. Mzee Magesa alikuja na kofia yake. Nasema yake, sikuipata tena. Majura alikuja kutoka Bunda, ameitwa na Wegesa, kijana mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linakata, amebeba mfuko ameukumbatia kama mtoto. Nyangeta alikuwa hajui kitu. Alidhani dada yake amekuja kukubali.

Igizo likaenda mpaka mwisho wake. Kamba ikashikwa. Wegesa akaletewa kata ya maji, akaipokea kwa mikono miwili, akamtazama Masinde. Watu wakanyamaza, hata mawe yakanyamaza. Akainywa maji yale yeye mwenyewe, yote, akafuta mdomo.

"Nilikuwa na kiu tangu mara ya kwanza," akasema.

Kicheko kilipopungua, akamwendea Mzee Magesa, akapiga magoti kwake, na safari hii yalikuwa magoti ya kweli. "Baba mkubwa, ulipokea vizuri, ulinipokelea kama baba. Naomba kamba." Mzee akaitoa kabla hajafikiri, mazoea ya binti akiomba kwa adabu. Wegesa akasimama nayo, akamfuata Mzee Wambura pale mbele. "Baba, hii ng'ombe ni yako?"

"Ni yangu," mzee akajibu, neno limemponyoka.

"Nimeirudisha mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Mmeona ninyi wote."

"Hiyo haimo kwenye mchezo!" Mzee Magesa akapiga kelele.

"Na yako ilikuwemo, baba?"

Akina mama wakapiga vigelegele kuliko mara ya kwanza. Wazee waliokaa mbele walinong'onezana, na mmoja mwenye fimbo ndefu akasema kwa sauti, "Imepokelewa mbele yetu, imerudi mbele yetu. Imekwisha."

"Haijakwisha," Wegesa akasema. "Nyangeta, njoo."

Nyangeta alikuja. Alikuwa na sura ya mtu anayengoja kofi.

"Kwetu mdogo hampiti dada yake mpaka dada mwenyewe aseme, na afunikwe blanketi na mposaji. Mnasemaga hivyo, wazee? Mimi nasema. Apite. Mwalimu Majura! Umekuja na hilo blanketi au umekuja kulipigia pasi?"

Majura alipanda, akajikwaa, akalitoa kwenye mfuko. Blanketi jipya, la kijani, bado lina mikunjo ya dukani. Akamfunika nalo mabegani dada wa mchumba wake, mbele ya Butiama yote, kwa hadhari ya mtu anayemfunika chui. Wegesa akamwacha amalize. Kisha akaufungua upande mmoja wa blanketi, akamvuta mdogo wake akaingia ndani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, mahali pangu pa mlio wa ng'ombe, ndiyo maana nilisikia alichomwambia na wengine hawakusikia.

"Siku nyingine nikatize. Hata kama nasema. Nikatize tu."

Nyangeta alilia. Hakuwa anaigiza, nawajua wote wawili.

Wazee wakakumbuka ndama. Wote walisimama kwa pamoja, kila mmoja na fimbo yake. Wegesa, blanketi mabegani, akawageukia. "Ng'ombe asingekuja hapa bila igizo. Ndama amezaliwa kwa sababu ya igizo. Ndama ni wa kikundi. Anayebisha apande jukwaani tubishane, nina muda mpaka jua lizame."

Waliangaliana. Mzee Wambura ndiye aliyecheka kwanza. Mzee Magesa akavua kofia akajipepea, akasema, "Mpeni. Mpeni haraka." Hakuna aliyepanda.

Nyangeta aliolewa Bunda. Masinde, vumbi la siku hiyo lilipotulia, nilimsikia akimwambia Wegesa, "Kamba sitashika tena. Nauliza kwa mdomo." Naye akasema, "Na mimi nitajibu kwa mdomo, na unaujua ulivyo." Alijibu nini, muulizeni wenyewe, mkiwa na moyo huo. Magoti ya mwishoni tuliyatoa. Sasa yule binti anakunywa maji. Mzee Mugini angefumbua macho yote mawili.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini niliamua kustaafu. Nilitangaza ukumbini Kitaji, nikasema sasa basi, nataka kukaa, nataka kuangalia ziwa bila kufikiria upepo unaelekea wapi. Wakanifanyia sherehe. Soda, wali, hotuba. Kisha mlango ukafunguliwa, wakaingiza mtamba mwekundu, doa jeupe kwenye paji la uso, mtoto wa yule ndama. Zawadi ya kikundi. Macho yangu yalikuwa yanalengalenga, sikuona vizuri, nikanyoosha mkono nikaipokea kamba. Simu zilikuwa zote juu. Na kutoka nyuma kabisa ya ukumbi nikaisikia sauti ninayoifahamu.

"Mwalimu! Ni sisi tumetoa wenyewe, hakuna aliyetulazimisha. Umepokea mbele ya watu. Jumanne mazoezi saa kumi."

Niligeuka haraka kuirudisha kamba. Nilimtazama Wegesa, nikamtazama Masinde, nikamtazama Nyangeta aliyekuja na mumewe kutoka Bunda, nikawatazama ninyi nyote mliokuwa pale mnajifanya hamjui kitu. Kila mmoja alikuwa ameficha mikono nyuma ya mgongo.